Hospitali nzuri hupimwaje? Yanayosemwa Mtwara na Lindi, na ukweli wake

Mazungumzo ya hospitali yakianza Masasi, Lindi au Mtwara mjini, haichukui muda kabla mtu hajasema: "Pale wanakufa wengi, usimpeleke mgonjwa wako." Katika dhana zote kuhusu ubora wa huduma za afya, hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana huwafanya watu wapakwepe mahali ambapo mgonjwa wao angeponea.

Idadi ya vifo peke yake haisemi kama hospitali ni nzuri au mbaya. Hospitali zetu za Ligula, Sokoine, Ndanda na Nyangao hupokea wagonjwa walioshindikana kwingine. Mjamzito akipata kifafa cha mimba zahanatini, hupewa rufaa. Mwingine anatoka Liwale msimu wa mvua, barabara haipitiki vizuri, anafika damu nyingi imeshamtoka. Akifariki, kifo chake huandikwa kwenye rejista ya hospitali iliyompokea, hata kama kuchelewa kulitokea kwingine. Zahanati inayowapa rufaa wote waliozidiwa inaweza kumaliza mwaka bila kifo hata kimoja, na sifa ikawa yake. Ndiyo maana wanaolinganisha hospitali kwa uaminifu huangalia kwanza wagonjwa walifika na hali gani: umri, ugonjwa, ukali wake, na kama walikuja kwa rufaa.

Sasa hebu fikiria fedha zitolewe kwa hesabu ya vifo ambayo haikuzingatia hayo. Korosho ghafi hupangwa daraja kwa haki kwa sababu mkulima huzichambua na kutoa mbovu kabla ya kuzipeleka ghalani. Hospitali ikilipwa kwa uchache wa vifo, itaanza kuchambua binadamu vivyo hivyo, na mgonjwa mahututi atazungushwa mlango hadi mlango.

Wengine hupima kwa macho: jengo jipya, mashine mpya, basi huduma ni bora. Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora una pande tatu: vilivyopo, yaani majengo, vifaa na watumishi, anachofanyiwa mgonjwa, na matokeo yake. Jengo liko upande wa kwanza tu. Mwaka 2018 tume ya jarida la Lancet Global Health ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watu wapatao milioni 5 kila mwaka hufa kwa huduma duni ilhali walishafika kwenye tiba. Waliokufa kwa kutofika kabisa walikadiriwa kuwa milioni 3.6. Kuwajengea watu zahanati karibu ni lazima, lakini safari haiishii pale mlangoni.

"Malipo kwa ufanisi ni posho ya manesi tu." Hili nalisikia hata kwa watu wasomi. Mpango wa majaribio wa malipo hayo, yaani kulipa kituo kwa malengo ya huduma kinayofikia, ulioanza mkoani Pwani mwaka 2011, ulikuwa na masharti yake. Kituo kilichofikia lengo lote kililipwa kamili kwa lengo hilo. Kilichofikia kati ya asilimia 75 na 99 kililipwa nusu. Chini ya hapo hakikupata kitu. Katika zahanati na vituo vya afya, robo tatu ya fedha ilikwenda kwa watumishi na iliyobaki ikaboresha kituo. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London wakalinganisha Pwani na wilaya zisizokuwa na mpango huo, na Kilwa yetu ilikuwa mojawapo. Akina mama wanaojifungulia kwenye vituo waliongezeka Pwani kwa takriban 8 katika kila 100 kuliko kule kwingine, na wajawazito waliopata dozi ya pili ya dawa ya kuzuia malaria wakaongezeka kwa takriban 10. Huduma nyingine nyingi zilizopimwa hazikusogea.

Kwa hiyo fedha hufanya kazi, lakini kwa baadhi ya mambo. Nesi anaweza kumpa mjamzito SP, hiyo dawa ya kuzuia malaria, akiwa amekuja kliniki na vidonge vipo. Hawezi kumleta kliniki mama aliyeko shambani, wala kuagiza dawa isiyopo bohari.

Upande wa pili wapo wanaodai kwamba bila bonasi hakuna kitakachobadilika. Jibu lipo Tandahimba. Kati ya 2011 na 2014 ulifanyika mradi wa kuboresha huduma za uzazi ambao haukumlipa mtumishi kwa lengo alilofikia. Takwimu zilizokusanywa kaya kwa kaya na kwenye vituo zilirudishwa kwa watumishi wenyewe na kwa wanakijiji wa kujitolea, wakazijadili na kuamua warekebishe nini. Ikilinganishwa na Newala, ambako mradi haukufanyika, kina mama waliopata dawa ya kuzuia kutokwa damu mara tu baada ya kujifungua waliongezeka. Nadhani tumeusahau mfano huu mapema mno, na ulitokea hapa hapa kwetu.

Halafu ipo imani kwamba kilichoandikwa kwenye rejista ya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma kituoni, ndicho kilichofanyika. Uingereza ilianza kuwalipa madaktari wa familia kwa vigezo vya huduma wanazotoa mwaka 2004. Ilipoviondoa baadhi mwaka 2014, kumbukumbu za huduma hizo zilishuka haraka. Sehemu ya kushuka huko yaweza kuwa huduma iliyopungua, na sehemu yaweza kuwa kalamu iliyowekwa chini. Palipo na malipo, lazima mtu aende nyumbani kwa mama na kumuuliza kama alihudumiwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, kwa hiyo suala la nani alipwe kwa kipi litafika hadi zahanati ya kijijini Nanyumbu. Kule Pwani, mwanzoni vituo vinavyohudumia watu wenye nafuu vilipata bonasi kubwa kuliko vya maskini, ingawa pengo lilipungua baadaye. Huku kwetu ningependa kila kituo kilipwe kwa hatua kilizopiga kutoka pale kilipoanzia, na kipewe dawa na mkunga kabla ya kuwekewa lengo.