Usimwambie Mtoto Kwamba Imani Yake Ilikuwa Ndogo

Nimelisikia tena Jumapili iliyopita, na safari hii kutoka kwa mwalimu ninayemheshimu: "Mungu ameahidi, na Mungu hasemi uongo. Kwa hiyo kama hujapokea, jichunguze imani yako." Waliokuwa wamekaa mbele yake ni watoto wa miaka sita na saba. Nimefundisha watoto na kuwaandaa walimu wao kwa muda mrefu, na uvumilivu wangu kwa sentensi hii umekwisha. Inatamkwa kwa nia njema, inafuatiwa na wimbo wa vitendo, kila mtu anapiga makofi, na mtoto anarudi nyumbani na mzigo ambao hana hata maneno ya kuueleza.

Chukua Injili zote nne, tafuta humo mtoto aliyeponywa kwa sharti la kwamba yeye mwenyewe aamini. Binti Yairo, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekwisha kufa. Aliyeambiwa "Usiogope, amini tu" ni baba yake. Binti wa yule mwanamke Msirofoinike hakuwapo hata mahali pale, alikuwa amelala nyumbani, na mama ndiye aliyeng'ang'ana na Yesu mpaka akajibiwa. Mwana wa diwani wa Kapernaumu aliachwa na homa wakati baba yake ameenda Kana kuomba msaada. Mwana wa mjane wa Naini alikuwa juu ya jeneza, na pale hakuna aliyeulizwa habari ya imani hata kidogo: Bwana alimwonea mama yule huruma, basi. Na yule kijana wa Marko 9 alikuwa anagaagaa chini akitokwa na povu. Suala la kuamini lilikuwa kati ya Yesu na baba mtu, na baba mwenyewe alijibu kwa imani iliyochanika katikati: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto akapona.

Hakuna hata mmoja. Sasa sisi tumeitoa wapi ruhusa ya kumdai mtoto wa darasa la wadogo kitu ambacho Yesu hakumdai mtoto yeyote?

Najua kitakachofuata, maana huwa kinafuata kila ninapolisema hili kwenye semina. Mtu anainua mkono na kunitajia Nazareti, Marko 6, pale Yesu aliposhindwa kutenda mwujiza kwa sababu ya kutokuamini kwao. Soma sura yote. Wale ni watu wazima waliomjua tangu utotoni na wakachukizwa naye. Kutokuamini kwao ni kumkataa, si kuomba kwa moyo wote na kukosa. Na hata huko, aliweka mikono juu ya wagonjwa wachache akawaponya. Kulichukua neno lililosemwa juu ya watu waliomdharau na kumbandika nalo mtoto aliyelia usiku kucha akimwombea bibi yake, huko ni kulitumia Neno vibaya.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa sababu ya jinsi mtoto anavyofikiri. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto, aliliona hili tangu miaka ya 1930: mtoto mdogo huamini kwamba kosa huleta adhabu lenyewe, kana kwamba dunia imeundwa kumlipa kila mtu papo hapo. Waliofanya kazi na watoto wagonjwa wanajua kwamba mtoto anaweza kudhani ameugua kwa sababu alikuwa mtukutu. James Fowler, mwanatheolojia wa Marekani aliyechunguza hatua za ukuaji wa imani, alieleza kwamba mtoto wa umri wa shule ya msingi huzichukua hadithi kama zilivyo na humwona Mungu kama anayelipa kwa haki: ukitenda jema unapewa jema. Mtu anaweza kubishana na mipaka ya umri waliyoiweka wataalamu hawa, na mimi mwenyewe nina watoto wa miaka mitano darasani ambao wangewashangaza. Lakini mwelekeo huo upo. Mtoto tayari anajituhumu. Mwalimu anapoongeza kwamba jibu linategemea kiasi cha imani yake, anakuwa ametia muhuri tuhuma ambayo mtoto alikuwa nayo kimoyomoyo.

Msichana mmoja aliwahi kuniuliza swali huku akipaka rangi picha ya safina, vidole vyake vyote vimeingia zambarau ya upinde wa mvua. Hakuinua hata macho. "Mwalimu, kama ningeamini sana sana, mdogo wangu asingekufa?" Nilimjibu hapana. Akauliza, "Hata kidogo?" Nikamwambia hata kidogo, si wewe, haikuwa juu yako. Akachukua rangi ya kijani akaendelea. Hakuna aliyekuwa amemwambia yeye binafsi kwamba imani yake imepungua. Alikuwa amesikia somo kama wenzake, akapiga hesabu peke yake.

Hiyo picha aliyokuwa akipaka rangi ni mahali pazuri pa kuonyesha ahadi ni nini. Mwanzo 9 inasema nini hasa? Kwamba maji hayatakuwa tena gharika ya kuharibu kila chenye mwili. Imefanywa na Mungu, kwa Nuhu na uzao wake na kila kiumbe hai, ndege na mifugo na wanyama wa mwitu wamo. Haina sharti lolote upande wetu. Na upinde, ukisoma mstari wa 16, Mungu anasema yeye ndiye atakayeuangalia akalikumbuka agano. Haikuahidi kwamba mto hautafurika. Mtoto ambaye nyumba yao imeingiliwa na maji anahitaji kujua tofauti hiyo, na anaielewa vizuri kabisa ukimweleza. Kila ahadi ina mwenye kuahidi, ina aliyeahidiwa, na ina jambo lililoahidiwa. Kuna zenye masharti na zisizo na masharti. Mwalimu anayeyapuuza maswali haya manne anawagawia watoto vitu ambavyo hakuna aliyewaahidi.

Na hapa ndipo ninapokosa amani na Yeremia 29:11. Unaujua mstari huo, uko kwenye mabango ya ukuta na vyeti vya kuhitimu, na ni mstari wa kukariri katika kila mtaala niliowahi kuushika: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Tunawaambia watoto maana yake watafaulu mtihani. Ile ni barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu kwa watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli mwaka 597 KK. Sura moja nyuma yake kuna nabii aitwaye Hanania, aliyesimama mbele ya makuhani na watu wote akaahidi kwamba katika muda wa miaka miwili mateka wote watarudi. Alikuwa na uhakika kiasi cha kuitwaa nira ya mti shingoni mwa Yeremia na kuivunja. Watu walitaka kuamini hivyo, nani asingetaka? Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Kisha ndipo inakuja barua ya Yeremia: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani, oeni, ozesheni watoto wenu, uombeeni amani mji ule, kwa sababu itakuwa miaka sabini. Mstari wa 10 ndio unaoitaja hiyo sabini, mmoja tu kabla ya ule tunaoukariri!

Fikiria baba wa miaka arobaini akiisikia barua hiyo ikisomwa. Atazikwa Babeli. Ahadi ni ya kweli, ina yeye ndani yake, lakini macho yake hayataiona. Wajukuu ndio watakaopanga mizigo. Ukimfundisha mtoto mstari wa 11 pamoja na wa 10, umempa Mungu ambaye anaweza kumwamini hata mwaka ukienda vibaya. Ukimfundisha wa 11 peke yake pamoja na mtihani, umemfundisha maneno ya Hanania ukayaweka kinywani mwa Yeremia. Nimewahi kuambiwa kwamba miaka sabini ni mambo mazito kwa watoto. Watoto ndio watu wanaojua zaidi kusubiri. Kila kitu chao kinaamuliwa na wengine, na muda wao ni mrefu kuliko wetu. Wafundisheni.

Ibrahimu ni vilevile. Aliondoka Harani akiwa na miaka 75, Isaka akazaliwa baba akiwa na miaka 100, na hiyo miaka 25 tunaivuka kwa pumzi moja ili tufike kwenye kicheko cha Sara. Nchi nayo aliahidiwa. Sara alipofariki, mtu huyu aliyeahidiwa nchi yote hakuwa na mahali pa kumzika mkewe. Ilimbidi ainame mbele ya Wahiti, afanye mazungumzo, apime shekeli 400 za fedha kununua shamba lenye pango la Makpela. Kaburi ndilo eneo la kwanza tunaloambiwa alilinunua katika nchi ya ahadi. Ndiyo maana Waebrania 11 inasema "Hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi." Hawakukosa kwa sababu imani yao ilikuwa haba. Walikufa katika imani.

Mengine nitayapita haraka. Mithali 22:6, mlee mtoto katika njia impasayo, ni methali, haikuandikwa kama hati ya dhamana kwa wazazi. Wafilipi 4:13 inafuata mstari unaozungumzia kushiba na kuona njaa, hivyo "mambo yote" ni pamoja na njaa. Zaburi 91, ile ya malaika watakaokuchukua mikononi, ilinukuliwa na Ibilisi juu ya kinara cha hekalu, na Yesu alikataa kuitumia namna ile.

Turudi kwenye kiasi cha imani, kwa kuwa ndiyo sumu yenyewe. Katika Luka 17 mitume waliomba waongezewe imani. Walidhani kama sisi, kwamba imani ni kitu cha kujazwa mpaka kifike mstari fulani. Yesu akawajibu kwa chembe ya haradali. Walitaka nyingi, akawaonyesha mbegu unayoweza kuipoteza kwenye mkunjo wa kiganja. Halafu sisi tunaileta mbegu hiyohiyo darasani, tunaibandika kwa gundi kwenye karatasi, na kuwaambia watoto waikuze! Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha mafundisho ya Kikristo kwa maswali na majibu, katika swali la 21, inaieleza imani kuwa ni kujua pamoja na kutumaini kwa moyo thabiti. Mtoto aliyebebwa mgongoni haangalii ameshika kwa nguvu kiasi gani, anajua amebebwa na nani. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza "Bali kama si hivyo," hawataisujudia ile sanamu. Walipotamka maneno hayo hawakujua kama wangetoka tanuruni. Vijitabu vingi vya watoto vimeikata sentensi hiyo, na bila hiyo hadithi inageuka kuwa kanuni ya kutoungua.

Sasa lililo gumu. Marko 11:24 ipo: "Yo yote myaombayo mkisali, aminini ya kwamba mnayapokea, nayo yatakuwa yenu." Siwezi kuifuta, na sitajifanya kwamba inanielea kirahisi. Nimesoma wafafanuzi wanaoibana kwa "sawasawa na mapenzi yake" ya 1 Yohana 5:14, na nadhani wako sahihi, lakini mstari wenyewe hauna kibano hicho na Yesu hakuona haja ya kukiweka. Ninachoshika ni kwamba aliyeyasema maneno hayo aliomba Gethsemane kikombe cha mateso kimwepuke, na alikinywa. Na Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake uondoke, akaambiwa neema inatosha. Je, darasani niusome mstari huo kwa wadogo? Kwa sasa siusomi kabla hawajaifahamu Gethsemane. Baadhi ya wenzangu wanaona ninawaficha watoto Neno, na hoja yao ina uzito; siku nyingine nalala nikiwa upande wao.

Lakini zipo ahadi ambazo namtazama mtoto machoni nikamwambia bila kusita. "Mimi nipo pamoja nanyi siku zote." Na ile ya Yohana 16:33, ambayo sijawahi kuiona kwenye bango lolote la darasa la watoto: "Ulimwenguni mnayo dhiki, lakini jipeni moyo." Mtoto aliyekariri mstari huo, siku dhiki ikija, hataanza kwa kujiuliza amekosea wapi.

Kwa walimu mnaopanga masomo ya muhula ujao, naomba mambo mawili. Ondoeni kwenye maswali ya marudio lile la "Je, una imani ya kutosha?" Na kwenye orodha ya mistari ya kukariri ongezeni Zaburi ya 13, yote, ina mistari sita tu. Inaanza na "hata lini" na inarudiarudia, kwa hiyo hata wadogo wanaishika upesi. Waacheni waiseme kwa sauti kubwa kama ilivyoandikwa, na msiwakimbize kufika mstari wa mwisho.