Kabla ya kununua miche, tazama visiki

Mvua za kwanza zikinyesha, simu ofisini kwetu huuliza jambo moja: miche ipo? Mwenye malisho yaliyopauka, awe Nachingwea au Liwale, anataka msitu urudi, na amesikia kuna fedha ya hewa ukaa, yaani malipo kwa wanaotunza miti inayofyonza gesi hiyo. Mimi humrudishia swali: eneo lilifyekwa tu, au visiki viling'olewa?

Kama visiki vimo, msitu haujahama. Myombo ukikatwa huchipua kisikini. Mpingo huchipua hata kwenye mizizi. Mninga ndio unaodanganya watu. Mche wake unaweza kukauka juu kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukinenepa chini. Unakiona kijiti cha urefu wa kidole unakikanyaga, kumbe kina umri wa mtoto anayeanza shule.

Huko Dodoma kazi ya kulea machipukizi ya visiki wanaiita kisiki hai. Kisiki kimoja huweza kuwa na machipukizi kumi na zaidi, yote yakigombea maji yaleyale. Chagua mawili au matatu yaliyonyooka na manene, mengine yaondoe kwa panga kali. Matawi ya chini pogoa, usivuke nusu ya kimo. Kisha funga kitambaa, ili mchunga ng'ombe na mkata kuni wajue mti huu una mwenyewe. Miche ya kitaluni tuiweke pale ambapo visiki vimekwisha kabisa. Kwingine ni gharama ya bure, na mingi haiuvuki mwezi wa kumi.

Tatizo kubwa ni moto. Moto wa mwezi wa sita, majani yakiwa na ubichi, hupita chinichini. Wa mwezi wa tisa au wa kumi huunguza machipukizi yote, na kazi ya mwaka mzima ikaanza upya. Kwa hiyo chomeni mapema, kwa utaratibu wa kijiji, au limeni barabara ya moto, ukanda usio na majani ambao moto hauvuki.

Ng'ombe? Nao wanasaidia, maana wanapunguza majani yanayobeba moto. Mbuzi ndiye wa kumzuia, mpaka machipukizi yapite pale anapofika akisimama kwa miguu ya nyuma. Wafugaji waliohamia Lindi kutoka bonde la Usangu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007, wakiwamo Wasukuma, hawahitaji somo refu hapa: ngitili wanaijua. Eneo hufungwa masika, majani yakasubiri kiangazi. Shinyanga ilirudisha miti mingi kwa njia hiyo chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986.

Sasa hiyo fedha. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na tani moja ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa. Mti wenye kilo 200 za uzito mkavu umeshika kilo 367 hivi za hewa ukaa. Ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana mtu mwenye ekari mbili peke yake hapati kitu cha maana. Huwa ni eneo la kijiji kizima, ambalo miti yake hupimwa unene wa shina kwa futikamba, kwenye kimo cha mita 1.3, na kupimwa tena baada ya miaka. Kanuni za biashara hii zipo tangu 2022, na kituo cha taifa cha kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Akija mtu na mkataba, mkutano mkuu wa kijiji umuulize: ni wa miaka mingapi, upimaji analipa nani, na ng'ombe watanywa maji wapi eneo likifungwa.