Je, wajua kwa nini lenzi ya kamera huhangaika mbele ya ukuta mweupe?

Ingia vichochoro vya Mji Mkongwe na kamera yako mchana wa jua, uielekeze kwenye mlango wa kale wenye misumari ya shaba. Bonyeza kitufe cha kupigia, nusu tu. Kamera inalia "pip", kijisanduku kinageuka kijani, mambo yamekaa sawa. Sasa igeuze kidogo kando, kwenye ukuta mtupu uliopakwa chokaa, ubonyeze tena. Lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, mwisho inasalimu amri. Kamera ni ileile na jua ni lilelile.

Kumbe kamera ikiwa kwenye oto, yaani ikijilengea yenyewe ili picha iwe kali, haijui mlango wala ukuta. Inachotafuta ni kingo: pale weusi unapokutana na weupe. Mlango wenye nakshi umejaa kingo, maana kila ua lililochongwa lina kivuli chake. Njia mojawapo ya kuzitafuta ni kusogeza vioo vya lenzi kidogo kidogo huku kamera ikipima tofauti ya giza na mwanga. Kingo zikiwa kali, tofauti huwa kubwa. Lakini kamera haiwezi kujua kuwa imefika mpaka ipitilize, ione tofauti inapungua, ndipo irudi. Ni sawa na mzee anayetafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha: lazima sauti ianze kukwaruza upande wa pili ndipo arudishe mkono.

Njia nyingine ni ya haraka zaidi. Kamera hulinganisha mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na uliopita upande wa pili. Taswira hizo mbili zisipolaliana, inajua papo hapo vioo visogezwe wapi na kwa kiasi gani. Kamera nyingi za siku hizi, na simu nyingi pia, hutumia njia hii au huchanganya zote mbili. Hata hivyo zote zinataka kitu cha kushika. Chokaa haina, anga tupu haina, na kiza huficha hata kilichopo. Ukuta ukiwa na ufa, lenga ufa, shikilia kitufe nusu, halafu upange picha yako utakavyo.

Basi anayeanza achague oto au manyuo, yaani kulenga kwa kuzungusha pete ya lenzi kwa mkono? Mimi nasema oto, na nitabishana na yeyote anayedai kuwa mpiga picha wa kweli ni wa manyuo. Wazee wetu hawakuchagua. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio hapa mjini mwaka 1930, hapakuwa na kamera ya oto duniani. Ya kwanza kuuzwa kwa wingi, Konica C35 AF, ilitoka mwaka 1977, na Minolta 7000, iliyoingiza mtambo huo ndani ya kamera ya kubadilisha lenzi na ikapendwa, ilitoka mwaka 1985. Tena kamera nyingi za manyuo za zamani zilitengenezwa kwa kazi hiyo: pete ya lenzi ilizunguka taratibu, na kwenye kitundu cha kuchungulia palikuwa na alama ya kukuonyesha kuwa picha imekaa. Lenzi ya bei nafuu ya leo, ukiigusa pete yake kidogo tu, umeshapita mita mbili.

Ila oto nayo ina kiburi chake. Ukiiacha ijichagulie pa kulenga, mara nyingi itakamata sura ya mtu, na kama hakuna mtu, itakamata kilicho karibu. Nenda Jozani ukampige kima punju akiwa amekaa nyuma ya majani, utarudi na picha kali ya jani na kima wa ukungu. Dawa ya kwanza si kuhamia manyuo. Ingia kwenye mipangilio, chagua nukta moja ndogo ya kulenga, uiweke kwenye jicho la mnyama. Matawi yakiwa yamesongamana mno na nukta yenyewe haipenyi, hapo ndipo uzungushe pete kwa mkono. Kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani hukusaidia: hukuza picha kwenye skrini, au hupaka rangi kingo zilizokaa sawa.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni Forodhani, alasiri, vijana wanapojirusha baharini kutoka ukutani. Anayekuja mbio mfuate kwa oto ya mfululizo: shikilia kitufe nusu, nayo lenzi itabadilika kadiri anavyosogea. Lakini tazama vizuri, wengi hurukia ukingo uleule. Basi lenga kwa oto miguu ya anayengoja zamu, kisha sukuma swichi iende manyuo. Usiguse pete tena na usihame uliposimama. Kila atakayeruka kutoka hapo, umbali umeshapimwa. Kazi yako ni kubonyeza kwa wakati. Weka kasi ya kupigia ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Na waombe ruhusa kwanza, kwani wakishakubali watakuhesabia wenyewe, moja, mbili, tatu. (Picha ikitoka na michirizi ya upande mmoja, usiilaumu fokasi, yaani ulengaji. Hiyo ni kasi ndogo, au mkono wako.)

Usiku wa nyota ni wa manyuo moja kwa moja. Ukiwa Ras Kigomasha, Pemba, mbali na taa za mji, oto ya kamera nyingi haitaambulia kitu juu. Kuza kwenye skrini nyota inayong'aa kuliko zote, zungusha pete polepole mpaka iwe kijitone kidogo kabisa, halafu usiiguse tena. Usiizungushe pete mpaka mwisho ukidhani hapo ndipo mbali kabisa. Lenzi nyingi hupita hapo.

Na ipo hina. Mikono ya bibi harusi, karibu kabisa, tundu la lenzi limefunguliwa wazi sana, hadi f/1.8: sehemu inayokaa sawa ni nyembamba kiasi kwamba bibi harusi akivuta pumzi tu, ua limetoka. Oto hapa huanza kuhangaika kati ya kidole na kidole. Mimi huweka manyuo, huacha pete kabisa, na hujisogeza mwenyewe, kichwa na mabega, sentimita mbili mbele, sentimita moja nyuma. Ua likikaa, nabonyeza mara tatu. Mbili huharibika.