Mashine ya kupiga makasia na maumivu ya kiuno: maswali na majibu

Nimeanza kutumia mashine ya makasia jimu, na kila nikimaliza kiuno kinauma. Je, mashine hii inaharibu mgongo?

Yenyewe haina ubaya. Umekaa, kwa hiyo magoti hayabebi uzito wa mwili wala hakuna mshindo kama wa kukimbia. Kinacholeta maumivu ni namna unavyoinama. Ukienda makasia 22 kwa dakika (kasia moja ni kuvuta na kurudi mara moja) kwa nusu saa, umeinama na kunyooka mara 660. Ukiinamia kwenye nyonga, kazi inabebwa na misuli mikubwa ya makalio na mapaja. Ukikunja kiuno, mgongo ukawa kama upinde, mzigo uleule unaangukia diski za kati ya pingili na misuli midogo ya kiuno, mara 660.

Nitajuaje kama nainamia nyonga au nakunja kiuno?

Chukua mti wa ufagio. Simama, uweke mgongoni uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na kifandugu. Legeza magoti kidogo, kisha sukuma makalio nyuma huku kifua kikienda mbele. Mti ukiachana na sehemu yoyote kati ya hizo tatu, kuna mahali umejikunja. Fanya mara kumi kabla ya kukaa kwenye mashine.

Ukishakaa, tafuta mifupa miwili ya makalio. Unapaswa kuihisi ikikandamiza kiti. Kama unahisi umekalia kifandugu, kiuno kimeshajikunja hata kabla hujavuta. Hali hii inawapata sana wanaoshinda ofisini au kwenye usukani: misuli ya nyuma ya mapaja imekaza, nayo inaivuta nyonga irudi nyuma. Kuinyoosha kunachukua wiki kadhaa, lakini kuna nafuu ya papo hapo. Shusha sehemu ya kuwekea miguu tundu moja au mawili, ili mkanda upite pale unyayo ulipo mpana zaidi. Miguu ikiwa chini, nyonga inapata nafasi ya kuinama. Na usilazimishe kwenda mbele mpaka kiti kigonge visigino. Miundi ya miguu ikishakuwa wima, hapo ndipo mwisho.

Kasia moja sahihi lina hatua gani?

Kuvuta ni miguu, kiwiliwili, mikono. Kurudi ni mikono, kiwiliwili, miguu. Kusema ni rahisi, kwa hiyo tuangalie linapoharibikia.

Ukiwa mbele, mikono imenyooka na vidole vimeshika mpini kama ndoano, bila kuukaba. Kaza tumbo kidogo, kama mtu anayejua atatekenywa, kisha sukuma kwa miguu. Katika sekunde hiyo ya kwanza kiti na mpini vinatakiwa viende pamoja, umbali uleule. Kosa kubwa kuliko yote ni makalio kukimbilia nyuma huku mpini umebaki palepale: miguu imemaliza nguvu zake bila kuvuta chochote, na sasa kiuno kinanyanyua mzigo wote peke yake. Ni sawa na kunyanyua ndoo ya maji ya lita 20 ukiwa umenyoosha magoti. Mwombe mtu akurekodi video kwa simu kutoka ubavuni, makasia kumi tu, kosa hili litaonekana wazi.

Miguu ikikaribia kunyooka, fungua nyonga uegemee nyuma kidogo tu, ndipo mikono ivute mpini hadi chini ya kifua. Kulala chali mwishoni hakuongezi mwendo wa maana. Kunachosha tumbo na kiuno bure.

Wakati wa kurudi, mikono inyooke kwanza, kiwiliwili kifuate, na magoti yakunjwe mpini ukishayapita. Ukijikuta unaruka magoti kwa mpini, ujue umevuruga mpangilio. Kurudi kuchukue muda kama mara mbili ya kuvuta.

Wenzangu wanaweka ile namba ya pembeni kwenye 10. Nami nifanye hivyo?

Hapana. Kwenye mashine za upepo, kama za kampuni ya Concept2, wenzo ule wa 1 hadi 10 hauongezi uzito kama vyuma. Unaamua hewa kiasi gani iingie kwenye feni. Ukiwa 10, feni inapunguza kasi upesi kati ya kasia na kasia, hivyo kila mara unaanza kama unayesukuma jahazi lililokwama mchangani. Kiuno ndicho kinacholipia mwanzo huo. Weka 3 hadi 5. Ukitaka jasho zaidi, sukuma miguu kwa nguvu zaidi.

Nimekulia pwani, kafi nimeshika tangu utotoni. Mbona mashine inaniumiza?

Kwenye mtumbwi unakaa mahali pamoja bila kuteleza, unatazama uendako, na nguvu inatoka mabegani na kiwiliwilini. Mashine hii imeigwa kutoka boti za mashindano zenye kiti kinachoteleza, ambamo miguu ndiyo injini. Mazoea ya kafi yanakufanya uanze na mabega, yaani mwisho umekuwa mwanzo.

Dakika kumi za kwanza niko sawa, maumivu yanakuja baadaye. Kwa nini?

Uchovu. Misuli ikichoka, mgongo unajikunja zaidi kila kasia bila wewe kujua. Badala ya dakika 20 mfululizo, piga 5 mara nne, ukisimama na kutembea dakika moja au mbili katikati. Kasi iwe makasia 18 hadi 22. Na kama unapenda mazoezi ya alfajiri, subiri kama saa moja baada ya kuamka: usiku diski hufyonza maji na kujaa, hivyo kuinama asubuhi kunazibana zaidi.

Kiuno kimeshauma. Nilale?

Kulala kitandani siku nzima kunakikaza zaidi. Tembea kidogo kidogo, uiache mashine mpaka uweze kuinama na kuvaa viatu bila maumivu. Lakini nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au mguu ukakosa nguvu. Maumivu yanayoshuka chini ya goti, au yanayoambatana na homa au kukonda bila sababu, nayo yanahitaji daktari.

Ukirudi kwenye mashine, anza na dakika 5 kwa makasia 18. Kipimo ni kesho yake asubuhi: kiuno kikiamka kama kawaida, ongeza dakika mbili, kikiamka kimekaza, baki hapohapo.