Kabla hujajaza gesi, isome AC ya gari lako

Mwishoni mwa Januari, kaskazi inavuma na Tanga nzima inachemka, aliingia karakanani kwangu Chumbageni mama mmoja anayeuza vitenge Ngamiani. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hii gari inakunywa gesi kuliko inavyokunywa petroli."

Tangu Oktoba alikuwa ameshajaza gesi ya AC mara tatu, kwa mafundi wawili tofauti. Wa mwisho alimwambia kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, imekufa. Kwangu alifuata bei ya kompresa ya mtumba, basi.

Bei sikumtajia. Nilikaa kiti cha dereva, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja huku nimevishikilia, nikafungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote za paneli ya AC zikawaka na kuzimika mara nne. Kisha pale zinapoonekana nyuzi joto ikatokea 22. Mama akasema, "Hapana, mimi huwa naweka ishirini na tano." Nikamweleza kwamba hiyo 22 haihusu joto. Ni namba ya hitilafu, na gari lilikuwa limeitunza humo ndani muda wote ambao pesa yake ilikuwa inatoka.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu naliona kila wiki. Gari halipozi, mtu anajaza gesi. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama mafuta. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake pana mahali panavuja. Kama haivuji na bado gari halipozi, kuongeza gesi ni kuharibu, kwa kuwa kila gari lina kipimo chake cha gramu, mara nyingi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti. Ikizidi, presha inapanda na ubaridi unapungua.

Magari mengi tunayoyapokea kutoka Japani, yale yenye AC inayojiendesha kwa kitufe cha AUTO, yana kompyuta ndogo ya AC peke yake. Inasoma joto la ndani, joto la nje, joto la eveporeta (pale hewa inapopozwa), joto la maji ya injini na ukali wa jua, kisha inaamua feni iende kasi gani na kompresa ishike au iachie. Ikikosa taarifa kutoka sensa fulani, yaani kifaa cha kupimia, inaandika namba. Waliotengeneza waliweka njia ya kuzisoma namba hizo kwenye vitufe vilevile vya AC, ila maelekezo yake yakabaki kwenye vitabu vya karakana, na vitabu vya magari ya soko la Japani vimeandikwa Kijapani. Ndiyo maana mtu anakaa na gari miaka minane bila kujua. Na usitegemee kile kimashine cha bei ndogo cha kupimia injini. Mfumo kinaousoma, OBD-II, uliofanywa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, ulikusudiwa zaidi moshi na injini. Vimashine vingi vya aina hiyo haviingii kabisa kwenye AC.

Kwa Toyota nyingi za miaka ya tisini na elfu mbili, fanya hivi. Swichi ikiwa imefungwa, shikilia AUTO pamoja na kitufe cha kuzungushia hewa ya ndani, kile chenye picha ya gari na mshale uliopinda ndani yake. Ukiwa umevishikilia, fungua swichi. Taa zitapepesa mara nne. Itazame vizuri hatua hiyo, maana taa isiyowaka hapo imeungua, na nimeshaona mtu anadai AC imekufa kumbe ni taa ya kitufe tu. Baada ya hapo namba zinaanza kupita, ndogo kwanza. Zikipita haraka, kwenye magari mengi kitufe cha kupandisha joto au cha kioo cha mbele kitakuwezesha kuzipitia moja moja. Ukimaliza, bonyeza OFF.

Sikiliza pia. Kwenye Toyota nyingi za zamani, namba ikitokea pamoja na mlio, hitilafu ipo sasa hivi. Ikitokea kimya, ilikuwepo ikaondoka. Mlio huo mdogo umeniokolea saa nyingi za kutafuta kitu ambacho mtu mwingine alishakitengeneza.

00 maana yake hakuna kilichoandikwa. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya nje, 13 ya eveporeta, 14 ya maji ya injini. 21 ni sensa ya jua. 22 kompyuta inaamini kompresa imekwama. 23 ni swichi ya presha ya gesi. 31 na kuendelea huhusu zaidi vibao vinavyochanganya hewa ya moto na ya baridi, pamoja na mota zake ndogo, na hapo magari hutofautiana.

Hiyo 21 inahitaji tahadhari. Sensa ya jua ni kidude cheusi cha mviringo juu ya dashibodi karibu na kioo, na hupima mwanga. Ukipima gari ndani ya banda, au chini ya mwembe, au jioni, 21 itatokea hata kama sensa ni nzima, kwa sababu kompyuta haioni mwanga. Kijana ninayemfundisha kazi alishaniletea 21 nne kwa siku moja, magari yote yalikuwa kivulini. Litoe gari juani usome tena. Na tafadhali, wale wenye zulia la manyoya juu ya dashibodi, litoboeni pale kwenye sensa. Likiifunika, saa saba mchana AC itafanya kazi kana kwamba ni usiku.

Sasa turudi kwa mama na 22 yake.

Namba haitaji kifaa kibovu. Inataja njia: sensa, waya, soketi, na kompyuta inayosubiri upande wa pili. Kwenye kompresa za aina hii kuna sensa inayoihesabia kompyuta mizunguko. Kompyuta inalinganisha na mizunguko ya injini. Ikiona injini inazunguka na kompresa haizunguki, inaachia klachi, kiunganishi cha kompresa na mkanda, ili mkanda usiungue, na taa ya AC inaanza kupepesa. Kwa hiyo 22 inaweza kuwa kompresa iliyokwama kweli, au mkanda unaoteleza, au kompresa nzima ambayo habari zake hazifiki.

Nilizima injini, nikashika sahani ya mbele ya klachi kwa mkono, nikaizungusha. Ilizunguka laini, haikukwaruza popote. Mkanda ulikuwa mkavu na umekaza. Nikawasha injini na AC: klachi ikashika, *kta*, sekunde chache, ikaachia, taa ikaanza kupepesa. Ile ilikuwa habari njema. Kompresa iliyokwama ingeufanya mkanda upige kelele.

Nikalala chini nikaifuata soketi ya sensa. Mpira wake wa kuzuia maji haukuwepo, na bila shaka ulibaki mkononi mwa mtu siku soketi ilipofunguliwa. Nilipoichomoa, ndani ya tundu moja pini ilikuwa ya kijani, ule ukijani wa shaba iliyoliwa na chumvi, na unga wake ukanidondokea kidoleni. Tunaishi na bahari pua kwa pua. Upepo wa Raskazoni haukai Raskazoni, unaingia kwenye soketi za magari mpaka Kange. Pini ya pili ilikuwa inang'aa kama mpya, na ndiyo iliyomdanganya kila aliyechungulia haraka.

Nilikata ile pini, nikaweka nyingine, nikapaka grisi ya umeme, nikatafuta mpira unaolingana. Kisha nikaunganisha geji za presha, na kama nilivyotazamia gesi ilikuwa imezidi. Nikaivuta kwa mashine, nikarudisha kwa mizani gramu zilizoandikwa chini ya boneti. Usimruhusu fundi aiachie hewani. Kwanza inachafua anga, pili R134a, gesi ya AC za magari haya, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikugusa jichoni au kwenye ngozi inaunguza kwa baridi.

23 nayo ina pande mbili ambazo watu huzichanganya. Ile swichi kwa Toyota nyingi huikata kompresa presha ikishuka chini ya PSI (kipimo cha presha) 28 hivi, na hukata pia ikipanda kupita takriban PSI 450. Ikitokea asubuhi gari likiwa limepoa, tafuta uvujaji, na kwa Tanga anza na kondensa, ile inayotoa joto la gesi nje, kwa sababu ipo mbele na ndiyo inayopokea chumvi yote. Ikitokea kwenye foleni tu, kisha barabara ikifunguka AC inarudi, nenda katazame feni ya kondensa.

11 ikitokea, usikimbilie kununua sensa. Ichomoe, ipime kwa mita ya umeme. Kwa Toyota nyingi ni karibu om 1,700 kwenye nyuzi 25, na upinzani hupungua joto likipanda. Humu kwetu mchana wa Februari utasoma pungufu ya hapo na ni sawa. Ishike kwa vidole viwili, namba za mita zitaanza kushuka polepole. Zikishuka, sensa ni nzima, fuata waya. Tena kuna ugonjwa wa sensa hii usioandika namba kabisa. Inakaa nyuma ya kitundu chenye vyavu kwenye dashibodi, na kuna kibomba kinachovuta hewa ya ndani ipite juu yake. Kibomba kikichomoka au kikijaa vumbi, sensa inapima joto la plastiki. Washa feni hadi juu, weka kipande cha karatasi laini ya chooni kwenye kile kitundu. Kikinata, hewa inavutwa. Kikianguka, umepata ugonjwa wako.

Wenye Nissan, njia yenu ni nyingine: kwa nyingi zenye AC ya AUTO, ndani ya sekunde 10 za kuwasha, shikilia OFF kwa angalau sekunde 5. Utapitia hatua tano. Ya pili ni ya sensa, na 20 hapo ni salama. Ya tano ndiyo naipenda kuliko zote, inakuonyesha joto ambalo kila sensa inaliona wakati huohuo. Ya nje ikisema nyuzi 8 na uko Tanga, kazi imekwisha.

Ukitengeneza, futa namba. Kwa Toyota nyingi za zamani ni kuchomoa fyuzi ya DOME kwa sekunde 10 au zaidi, nyingine ni ECU-B, na redio itasahau stesheni zake. Halafu endesha. Gari la mama nililipeleka hadi Muheza na kurudi, nikasoma tena juani: 00.

Ukija kwangu, njoo umeshasoma. Andika namba, andika kama zililia au zilikuwa kimya, na kama gari lilikuwa juani au kivulini.