Leza ya presha ya macho haingoji dawa zishindwe

Wengi bado wanaamini kwamba mgonjwa wa glakoma, yaani presha ya macho, hupigwa leza pale tu matone yanaposhindwa. Sivyo. Leza ya aina ya SLT huamsha njia inayopitisha maji ya ndani ya jicho kutoka nje, na presha hushuka; haikati, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Katika utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, uliochapishwa 2021, baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kudhibiti presha kwa asilimia 61 ya macho, matone ya dawa ya timololi asilimia 31. Na matone hayo, tukumbuke, hununuliwa na kutiwa kila siku, maisha yote. Uoni uliokwisha kupotea leza hairudishi, na nguvu yake hupungua miaka ikipita, kwa hiyo mgonjwa aendelee kupimwa presha.