Chaneli ya Potasiamu Si Chekeche

Kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu wa fiziolojia kwa nini sodiamu haipiti kwenye chaneli ya potasiamu, yaani njia ya protini katika utando wa seli ipitishayo potasiamu, na kila mwaka najibiwa kuwa tundu ni dogo. Jamani! Nusukipenyo cha ioni (atomu yenye chaji) ya potasiamu ni nanomita 0.133, cha sodiamu ni 0.095. Sodiamu ndiyo ndogo. Chaneli ingekuwa chekeche, sodiamu ingetangulia.

Kosa ni kuiwazia ioni ikiwa peke yake. Ndani ya maji imezingirwa na molekuli za maji, na kuivua maji hayo kunadai nishati. Chujio la chaneli, sehemu yake nyembamba ichaguayo ioni, lenye urefu wa nanomita 1.2 hivi, hulipa deni hilo: minyororo minne ya protini huelekeza oksijeni za kabonili (kaboni iliyoungana na oksijeni) katikati, na nane kati yake huizunguka potasiamu kama maji yalivyoizunguka. Potasiamu haipotezi kitu. Sodiamu, kwa udogo wake, haikumbatiwi vya kutosha, hivyo inaona nafuu kubaki na maji yake. Mwaka 1998 maabara ya Roderick MacKinnon ilionyesha umbo hilo katika KcsA, chaneli ya bakteria Streptomyces lividans, naye akapata Nobel ya kemia mwaka 2003. Basi chora zile oksijeni! Asiyezichora hajaelewa, hata akariri jina la kila asidi amino.

Wengine husema chaneli husukuma potasiamu kwa ATP, molekuli ibebayo nishati ya seli. Hiyo ni pampu, itoayo sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Katika chaneli ioni huteremka zenyewe, na chaneli zenye kasi hukaribia ioni milioni 100 kwa sekunde. Hakuna pampu ifikayo huko. Hata kwenye chaneli za KATP, zile za potasiamu zinazoitikia ATP, kazi ya ATP ni kuzifunga.

Tena, lango, sehemu ifunguayo na kufunga njia, si chujio. Katika KcsA chujio liko upande wa nje, lango upande wa ndani, heliksi (sehemu za protini zilizojisokota) zinapokutana. Kwenye chaneli za volteji, zinazofunguliwa na badiliko la umeme kwenye utando, heliksi iitwayo S4 yenye chaji chanya ndiyo husogea na kulivuta lango.

Wala chaneli iliyozimika, yaani iliyoacha kupitisha ioni, si lazima iwe imefungwa langoni. Katika Shaker, chaneli ya nzi wa matunda, lango likiwa wazi ncha ya protini huingia kutoka ndani na kuziba njia. Ncha hiyo ikikatwa, uzimikaji huo wa haraka hutoweka. Ukiirudisha ncha kama peptidi huru (kipande kifupi cha protini), uzimikaji hurejea.